MJADALA: Je, kila mtafiti wa matatizo ya uzazi alazimishwe kupima matokeo yaleyale?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja.

Mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua, dawa anayopewa ilipita kwenye majaribio. Lakini majaribio hayo yalipima nini? Huyu kahesabu mililita za damu, yule kahesabu vifo, mwingine kahesabu walioongezewa damu. Anayetaka kuyaunganisha apate jibu moja anakwama, ingawa yote yalihusu dawa ileile.

Kwa upande wa presha ya ujauzito, ile inayotangulia kifafa cha mimba, kuna mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017. Majaribio 79 ya tiba, wanawake zaidi ya 31,000, na ndani yake matokeo 119 tofauti yaliyopimwa! Wanawake wale walikubali kujaribiwa wakiwa wagonjwa, na wengine wakiwa na hofu ya kufa. Kuacha taarifa zao zisioane ni kuwadhulumu.

Juhudi zipo. Mpango wa COMET ulianza mwaka 2010 kuhimiza orodha za matokeo ya lazima kwa kila ugonjwa, na mwaka 2014 wahariri wa majarida ya uzazi wakaungana chini ya CROWN kuunga mkono jambo hilo. Orodha ya kutokwa damu baada ya kujifungua ilitoka mwaka 2019: kiasi cha damu, mshtuko wa mwili kwa kupoteza damu, kifo, kuongezewa damu, rufaa, unyonyeshaji, hata namna mama mwenyewe anavyojisikia.

Msimamo wangu: kuhimiza hakutoshi. NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kwa Tanzania na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) kwa Kenya wasitoe kibali cha jaribio la aina hii bila orodha hiyo kuwemo.

Mtafiti, Dar

Ndugu mleta mada, nia yako naiheshimu, ila nakupinga kwenye neno "lazima".

Chukua jaribio lililoitwa WOMAN, la asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia kuvuja damu: wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Mpango wa awali ulikuwa kuhesabu pamoja kifo na kuondolewa kizazi. Kazi ikiendelea, ikaonekana kwamba mara nyingi uamuzi wa kuondoa kizazi ulikuwa unafanyika wakati uleule mama anaingizwa kwenye jaribio. Dawa ingezuiaje kitu kilichokwisha kuamuliwa? Wakaongeza idadi ya washiriki ili waweze kuangalia vifo vya kuvuja damu peke yake. Mwaka 2017 jibu likatoka: asilimia 1.5 kwa waliopata dawa, 1.9 kwa wasiopata. Kile kipimo cha pamoja hakikuonyesha tofauti. Mtafiti akifungwa na orodha iliyoandikwa mezani, ataona hayo saa ngapi?

Mleta mada

Kaka, orodha ninayoitetea ni kiwango cha chini. Haikuchagulii kipimo kikuu wala haikukatazi kuongeza chako. Na mfano wako unanisaidia: tuliona faida ya dawa kwa sababu vifo na sababu zake viliandikwa kimoja kimoja. Jaribio dogo lisiloandika hivyo haliwezi hata kuunganishwa na WOMAN.

Mkunga, kituo cha afya

Mnabishana kuhusu orodha, mimi nauliza nani anapima, na kwa kutumia nini. Damu iliyolowana kwenye kanga na pamba ukiikadiria kwa macho unakosea sana. Jaribio la E-MOTIVE, hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, lilitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo unaowekwa chini ya mama. Palipotumika mfuko huo pamoja na utaratibu mpya wa matibabu, waliovuja damu waligundulika kwa asilimia 93. Kwingine, kwa utaratibu wa kawaida, asilimia 51. Kwa hiyo "kiasi cha damu" kwenye karatasi mbili kinaweza kuwa vitu viwili kabisa.

La pili ndilo linaloniuma. "Kuongezewa damu" mmekiweka kama tokeo baya. Kituo kisicho na benki ya damu hakimuongezei mtu. Mama wa kwetu aliyehitaji chupa mbili akakosa, ataandikwa "hakuongezewa", na kwenye jedwali ataonekana ana nafuu kuliko wa hospitali ya mkoa aliyepata. Rufaa ni vilevile: gari la wagonjwa lisipokuwepo, rufaa ni sifuri.

Mleta mada

Dada mkunga, hoja hii inastahili kuingia kwenye orodha yenyewe. Napendekeza mistari miwili: alihitaji damu, alipata damu. Na miwili kwa rufaa: alistahili kupelekwa, alifika. Wenye uzoefu wa wodi ya wazazi, semeni: ni nani aandike "alihitaji", na kwa kigezo gani, ili mkunga mmoja wa zamu ya usiku aweze kukijaza bila kumuacha mgonjwa?