Mpini wa mpingo unapasuka kwenye pini: kosa ni la mbao au la fundi?

msasa220:
Wakuu, msaada. Visu vya jikoni, mipini ya mpingo: vibao viwili vya mm 9, gundi ya epoksi, pini 2 za shaba njano za mm 5 zilizogongwa zikabana. Baada ya wiki tatu nyufa nyembamba kama unywele zinaanzia kwenye pini, na kibao kimoja kimeachia gundi. Mbao imetoka kwa mchongaji, imekatwa mwaka huu. Vumbi nalo linaniwasha shingoni. Nakosea wapi?

jiliwa_kavu:
"Imekatwa mwaka huu" ndilo jibu la kwanza. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na maji yake hutoka taratibu mno. Pasua vibao vya mm 13, paka nta ya moto kwenye ncha zote mbili, kisha vipange kivulini ndani ya nyumba huku hewa ikipita katikati. Kila wiki pima kibao kimoja kwa mizani ya gramu na uandike uzito kwa chaki juu yake. Uzito ukigoma kushuka wiki nne mfululizo, kata. Jua usilitumie kabisa, litapasua ncha siku hiyohiyo.

Kosa la pili ni pini. Mpingo haunepi. Toboa kwa keekee ya mm 5.1 au 5.2, pini iingie kwa kidole, epoksi ijaze nafasi iliyobaki. Chomoa keekee kila baada ya mm 3 utoe unga. Ukiona moshi, ufa umeshaanza hata kama huuoni. Hata kwenye mashine ya msasa, kibao kikikuchoma kidole, simama.

mama_tupa:
Gundi imeachia kwa sababu ya mafuta ya mti wenyewe. Kwaruza upande wa ndani kwa msasa namba 80, futa kwa asetoni mpaka kitambaa kiache kutoka na rangi, kisha paka epoksi mara moja. Jiliwa ibane kiasi tu. Ukikaza sana unaikamua gundi yote nje, chuma na mti vinabaki vikavu.

Huo muwasho usiuchukulie poa, ndugu yangu. Vumbi la mbao ngumu linasababisha saratani ya pua, na jamii hii ya miti huleta mzio unaozidi kila unaporudia. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Vaa ya FFP2 (daraja la barakoa zinazochuja vumbi laini) au zaidi, mikono mirefu, fyonza vumbi pale linapotokea, oga kabla ya kukaa na watoto. Penye nafasi, piga msasa wa maji.

kiini_cheusi:
Kuhusu kununua: uliza mabaki ya viwanda vinavyopasua mpingo wa klarineti (ala ya muziki ya kupuliza). Kipande chenye ufa au weupe wanakikataa, ila mpini unatosha humo. Dai risiti na nakala ya hati ya kusafirishia ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Kata ncha mbele ya muuzaji: kiini kiwe cheusi mpaka ndani, kuna mbao zinazopakwa rangi. Mpingo, pamoja na karibu jamii yake yote ya Dalbergia, uko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) tangu Januari 2017, hivyo vibao ghafi havivuki mpaka bila kibali.

msasa220:
Nimeelewa. Na mafuta ya kumalizia?

mama_tupa:
Msasa 120, 220, 400, 600, kisha mafuta ya kitani, tone tu, mpingo haunywi. Kitambaa ulichopakia mafuta kitandaze nje kikauke. Ukikikunja kinajipasha moto chenyewe na kuwaka.