Fayawoli ya ofisi: FortiGate 40F, MikroTik RB5009 au pfSense?

Mpiga_Kebo
Wakuu salaam. Bosi anataka proforma tatu za fayawoli (mlinzi wa mtandao) mezani kwake Ijumaa, sio programu ya kuweka kwenye kompyuta, anataka kiboksi chenyewe. Kwa sasa tunatumia rauta ile ile waliyokuja nayo mafundi wa faiba. Nimechuja nimebaki na FortiGate 40F, MikroTik RB5009 na pfSense (fayawoli ya bure unayoiweka mwenyewe) kwenye kompyuta ndogo. Nichukue ipi? Cisco msinitajie, hela hamna.

Chuma_Ilala
Mkuu unauliza ununue gari gani halafu husemi unabeba nini. Mko wangapi? Intaneti Mbps ngapi? Mna seva ndani? Mna matawi? IP ya kudumu mnayo? Na wewe ukihama kazi nani anabaki na hicho kiboksi?

mamaSwichi
RB5009. Poti saba za giga moja, moja ya 2.5, na ile ya SFP+ ya giga kumi. Unanunua mara moja, mwakani hakuna mtu anakupigia simu ya leseni. Wateja wangu wote nawafungia hiyo. Nimemaliza.

Chuma_Ilala
Hujamaliza dada. MikroTik ni rauta nzuri yenye fayawoli ndani yake, ila haikagui kilichobebwa. Mhasibu akishusha faili lenye virusi yenyewe inaona trafiki ya poti 443 tu, ile ya tovuti, inaipungia mkono inapita. FortiGate yenye leseni ina antivirusi, ina IPS ya kuzuia mashambulizi, inazuia tovuti kwa makundi.

Baharia wa Data
Kwani FortiGate inaona nini kama hujafungua HTTPS, ile trafiki ya tovuti iliyofichwa? Na ukitaka ikague kwa undani lazima upandikize cheti chake kwenye kila kompyuta, hapo app za benki zinagoma, simu za watu zinalalamika, na wewe ndo unapigiwa. Halafu soma karatasi ya 40F vizuri, juu wameandika Gbps 5 kwa herufi kubwa, chini kule ukiwasha ulinzi wote ni Mbps 600.

Mpiga_Kebo
Tuko kama 30 hivi. Faiba nadhani Mbps 50. Kuna seva ya programu ya uhasibu, na tawi la Mwanza watu sita wanaingia humo kila siku.

Chuma_Ilala
Wanaingiaje?

Mpiga_Kebo
Remote desktop, wanaendesha mashine ya huku wakiwa kule. Jamaa aliyekuwepo kabla yangu alifungua poti 3389 kwenye rauta.

Chuma_Ilala
FUNGA HIYO POTI LEO. Acha kwanza habari za proforma. Hao wa kufunga mafaili na kudai bitcoin wanazunguka mtandaoni usiku na mchana wanatafuta 3389 iliyo wazi, wakiipata wanabahatisha paswedi mpaka iingie.

mamaSwichi
Kwa hili tuko pamoja. Na usidanganyike kuibadilisha iwe 3390, wanaiona tu.

Mpiga_Kebo
Nikifunga Mwanza hawafanyi kazi wakuu, na ni mwisho wa mwezi.

Baharia wa Data
Ndo maana unahitaji VPN, njia ya siri ya kuunganisha tawi kupitia intaneti, ukishaweka hiyo ndo ubishane boksi gani. VPN ya WireGuard ipo kwenye MikroTik kuanzia mfumo wa RouterOS 7, pfSense ipo pia. Upande wa FortiGate tumia VPN ya IPsec, ile SSL VPN yao usiitegemee, kwenye vifaa vya RAM GB 2 kama 40F waliiondoa kuanzia mfumo wao wa FortiOS 7.6. Muuzaji hakwambii hiyo.

Mkwezi
Naomba niseme kitu kabla hujanunua FortiGate mtaani. Ofisi niliyokuwepo zamani bosi aliletewa 60F na mtu wake, boksi zuri, nailoni haijatoboka, bei karibu nusu ya ile ya wakala. Tukaifunga ikafanya kazi, watu wanapiga makofi. Nikaenda kuisajili ili leseni iwake, naingiza seriali namba inaniambia kifaa hiki tayari kimesajiliwa kwenye akaunti nyingine. Nikadhani nimekosea herufi, nikageuza boksi juu chini nikasoma stika na tochi ya simu, namba ni ile ile. Kumbe ni mali ya kampuni fulani ya nje huko, imetoka ikaingia sokoni kama mpya. Kuihamisha mpaka mwenye akaunti akubali, na mwenye akaunti humjui. Muuzaji mara ya kwanza akasema "nalishughulikia bro", mara ya pili yuko safarini, baadae namba haipatikani. Ikabaki inapitisha trafiki na kuzuia poti kama kawaida, lakini antivirusi na IPS za zamani, kuzuia tovuti kwa makundi hakuna, na toleo jipya la FortiOS hushushi. Bosi kila akipita pale kwenye kabati ananiuliza "si tulinunua fayawoli?". Kwa hiyo omba seriali namba KABLA ya kulipa, msajili pale pale muuzaji akiwa amesimama.

Sista wa Seva
Pole @Mkwezi. Naongezea, mwambie bosi gharama ya miaka mitatu, sio ya boksi peke yake. Leseni ya mwaka wa pili ndo inaua watu.

Mzalendo2
Samahani, hiyo VPN mnayoishauri hapa si TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) walitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili watoe na IP zao?

Baharia wa Data
Ndiyo, mwisho ilikuwa tarehe 30 Oktoba. Kampuni ikajisajili, shida iko wapi? Kuunganisha Dar na Mwanza sio kosa.

Mzalendo2
Shida ni kwamba nusu ya nchi ilikuwa na VPN kwenye simu na hakuna aliyejisajili.

Chuma_Ilala
Haya sasa uzi umehamia jukwaa la siasa.
@mamaSwichi lile tundu la 2018 la Winbox, programu ya kuendeshea MikroTik, umelisahau? Rauta za MikroTik zilivyogeuzwa mashine za kuchimba sarafu?

mamaSwichi
Sijasahau. Kiraka kilitoka Aprili 2018, walioliwa ni walioacha Winbox wazi kwa dunia nzima na hawakuapdeti. Na wewe usisahau 2021 paswedi za VPN za FortiGate kama 87,000 zilivyomwagwa mtandaoni, nazo kwa tundu lililokuwa na kiraka tangu 2019. Boksi lolote usipoliapdeti ni mlango tu.

Kipwani_IT
Mimi niko Mombasa, hapa tunaendesha OPNsense (ndugu yake pfSense) kwenye kompyuta ndogo ya poti nne za Intel, Suricata ya kukagua trafiki iko ndani, leseni sufuri. Ukiinstoo chagua mfumo wa mafaili wa ZFS, stima ikipotea ghafla UFS huweza kukuharibikia. Shida yake ni moja, mimi nikienda likizo hakuna anayeigusa.

Sista wa Seva
Si ndo swali la @Chuma_Ilala la mwanzo hilo, nani anabaki nacho.

Mpiga_Kebo
Mwanza nimewawekea ruhusa kwa IP yao peke yake kwa leo. Bosi sasa anauliza kama hiyo fayawoli itazuia TikTok kwenye waifai ya wafanyakazi.

mamaSwichi
😂😂 Watawasha data zao.

Chuma_Ilala
Tenga waifai ya simu na VLAN yake (mtandao wake pembeni), uipe Mbps 10, wabanane huko huko. Swichi yenu inakubali VLAN?

Mpiga_Kebo
Nitajuaje?

Fundi_Gongo
Nina MikroTik RB4011 mtumba, haijafunguliwa hata skrubu, anayetaka aje PM.