Barua ya shule ya kurasa 11 kuhusu baridi: la maana limefichwa ukurasa wa 9, halafu lawama kwa mzazi!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo lugha ikikwaruza mtanivumilia.

Nina binti darasa la pili. Ijumaa saa 4 usiku iliingia barua pepe ya shule: habari za msimu wa baridi na mwongozo kwa familia. Nikaifungua. Kurasa 11! Ya kwanza picha ya kwaya. Ya pili majina ya watoto waliopewa vyeti kwa kutokosa shule hata siku moja (hivi vyeti msivisahau, nitavirudia). Ya tatu shukrani kwa waliopamba ukumbi. Ya nne shukrani bado zinaendelea. Nikalala.

Jumatatu jioni binti anarudi, namvua glavu. Naikamua kwenye sinki, maji yanachuruzika kama nimekamua dekio. Glavu ya pamba, ile nyembamba ya vidole vitano. Vidole vyekundu, ncha za viwili zimepauka kabisa, na ananiambia kwa utulivu tu, "Hivi viwili sivisikii." Nikavitia kwenye maji ya vuguvugu, sikuvisugua, maana kusugua ngozi iliyopigwa na baridi ni kuiumiza zaidi. Damu ilipoanza kurudi ndipo akalia. Sijui kama mmewahi kumshika mtoto analia kwa sababu anapata nafuu.

Nikapiga simu shule. Dada wa mapokezi, sauti ya upole kweli kweli: "Mzazi, ilikuwa kwenye barua."

Nikarudi kwenye barua. Kweli ipo, ukurasa wa 9, chini ya tangazo la kikapu cha vitu vilivyopotea: kuanzia Jumatatu mapumziko yote ni nje mpaka baridi ifike nyuzi -15, na kila mtoto aje na buti, suruali ya theluji na jozi mbili za glavu zisizopitisha maji. Yaani jambo linaloanza Jumatatu umelituma Ijumaa usiku, ukaliweka baada ya kurasa nane za picha na pongezi, kisha unaniambia "ilikuwa kwenye barua"?

Kosa langu nalikubali. Pamba ikilowa inashika maji na inanyonya joto la mwili, na ya vidole vitano haina joto kama ile ya mfuko mmoja ambamo vidole vinapashana moto. Nilijua, asubuhi nikachukua iliyokuwa karibu. Lakini mwalimu wa zamu alikuwepo pale nje na mtoto mwenye glavu inayodondosha maji. Hakumwona? Kikapu cha vitu vilivyopotea kimejaa glavu, na barua yenyewe inalalamika kwamba kimejaa!

Halafu hiyo -15. Ni -15 ya wapi? Siku ile kipimajoto kilisoma -10, kwa hiyo kwa karatasi yao ni ruksa. Lakini kulikuwa na upepo wa kama kilomita 30 kwa saa, na kwa hesabu wanayotumia watu wa hali ya hewa, -10 yenye upepo huo inaipiga ngozi iliyo wazi kama -20. Mtoto ana mwili mdogo, joto linamtoka haraka kuliko sisi, na akinogewa na mchezo hasemi kitu mpaka kengele ilie. Kwenye kurasa 11 nimelitafuta neno "upepo", halimo. Neno "furaha" limo mara 6, nimehesabu.

Sasa nirudi kwenye vyeti, kwa sababu hapa ndipo nilipochemka kabisa.

Jumanne usiku mtoto akaanza kutapika. Sasa nikaisoma barua mstari kwa mstari. Ukurasa wa 10: mtoto aliyetapika au kuharisha abaki nyumbani mpaka saa 48 zipite tangu mara ya mwisho, na mwenye homa akae mpaka ashinde siku nzima bila homa na bila dawa ya kuishusha. Ushauri sahihi, siupingi. Nikautii, nikaomba ruhusa kazini, Jumatano na Alhamisi tukawa ndani. Ijumaa asubuhi simu inalia, ujumbe wa shule: "Mahudhurio ya mwanao yameshuka. Kila siku shuleni ina thamani. Tafadhali wasiliana na ofisi."

Wakuu!

Mkono huu unaniambia nimweke nyumbani, mkono ule unaniandikia barua ya onyo kwa sababu nimemweka nyumbani. Na ukurasa wa 2 unawapigia makofi ambao hawakukosa hata siku moja. Mtoto gani wa miaka saba anamaliza msimu wa mafua bila kuugua hata siku moja? Wapo, sawa. Lakini mzazi mmoja kwenye kundi letu alikiri mwenyewe kwamba alimnywesha mwanawe dawa ya homa asubuhi akamleta, ili cheti kisipotee. Saa 5 dawa ikaisha nguvu, mtoto akakutwa amelalia dawati. Simlaumu sana. Aliambiwa mambo mawili, akachagua lile lenye zawadi.

Na kama kuna kichekesho, basi ni hiki: ukurasa ule ule wa 10 unatuomba tuchangie chupa za kitakasa mikono "kuzuia magonjwa ya tumbo". Virusi vinavyosambaza kutapika shuleni kipindi hiki, norovirusi, havisumbuliwi sana na vitakasa vya spiriti. Vinataka maji na sabuni na mtoto asugue kweli. Bomba la darasani kwao halitoi sabuni tangu muhula uanze. Nimeshaliandikia mara mbili.

Kwa haki niseme, kuna ushauri mmoja ningewapa cheti mimi. Wanasema usimfunge mtoto mkanda wa kiti cha gari akiwa na koti nene la kujaa hewa: ikitokea ajali koti linabonyea, mkanda unabaki umelegea, mtoto anachomoka. Mvue, mfunge, kisha mfunike na koti juu. Hilo linaokoa maisha. Liko ukurasa wa 11, mistari miwili, chini ya ratiba ya picha za darasa.

NYONGEZA: Mnaouliza kwa nini sikusoma yote tangu Ijumaa, nawauliza nyinyi, mlisoma yenu? Na yule mkuu aliyenijibu hapa "baridi haiui mafua ndiyo yanaua, baridi si ugonjwa", sawa, baridi haizai virusi, nakubali. Lakini kilichopausha vidole vya mwanangu hakikuwa virusi.

Ninachotaka ni kidogo. Karatasi moja, itumwe wiki moja kabla, juu kabisa iandikwe mtoto avae nini, akae nyumbani lini, na shule ikifungwa kwa theluji tutaambiwa saa ngapi na kwa njia gani. Kwaya waiweke nyuma. Na siku za mtoto aliyekaa nyumbani kwa kufuata mwongozo wao zisihesabiwe utoro.

NYONGEZA 2: Nimewaandikia shule haya yote kwa adabu kuliko nilivyoandika hapa. Jibu limekuja leo mchana: wanashukuru kwa maoni, na suala la mahudhurio limefafanuliwa kwenye mwongozo wa familia wa mwanzo wa mwaka. Nimeufungua. Una kurasa 46.