Krimu ya ganzi ikishapakwa mshipa unajificha: mnafanyaje mnapowawekea watoto kanula?

Nesi_Zamu: Wakuu, naombeni ujuzi wenu wa kuweka kanula, ule mrija mwembamba wa plastiki unaoachwa kwenye mshipa. Tunapaka krimu ya lignokeini 2.5% na prilokeini 2.5% nyuma ya kiganja, tunafunika kwa plasta ya plastiki, tunasubiri kama dakika 45. Ikifutwa, ngozi imekuwa nyeupe na mshipa uliokuwa wazi hauonekani tena. Wengine wanapiga kelele hata kabla sindano haijagusa. Tunakosea wapi? Na wachanga wa wiki chache mnawapa nini?

Kanula_Njano: Dakika 45 hazitoshi, anzia 60. Kwa muda huo ganzi inafika milimita 3 hivi chini ya ngozi, na kwa saa 2 inafika kama 5. Weupe huo ni mishipa iliyojibana kwa sababu ya dawa. Futa krimu, kisha subiri dakika 10 hadi 15, huku ukiufunika mkono kwa kitambaa cha uvuguvugu. Usiogope kusubiri, ganzi hudumu saa 1 au zaidi baada ya kufuta.

Pia msiisugue. Inatakiwa ikae tonge nene juu ya ngozi, kingo za plasta zishike pande zote. Ikisuguliwa inasambaa na pale pa kuchoma panabaki na utando mwembamba tu. Andika saa kwa kalamu juu ya plasta. Paka sehemu mbili, ili ukikosa ya kwanza usianze kuhesabu upya.

Na hao wanaolia kabla ya sindano, angalieni plasta inavyobanduliwa. Ikinyanyuliwa kwenda juu inavuta ngozi na vinyweleo, na mtoto anaingia kwenye kazi yenyewe keshakasirika. Shika kona, ivute ikinyooka sambamba na ngozi mpaka iachie yenyewe.

Mfamasia_K: Naongeza tahadhari. Chini ya miezi 3, jumla isizidi gramu 1 na isikae zaidi ya saa 1. Prilokeini inaweza kuigeuza himoglobini ikashindwa kubeba oksijeni: midomo inakuwa ya bluu na kumpa oksijeni hakubadilishi rangi. Kwa hiyo aliye chini ya mwaka 1 anayetumia kotrimoksazoli au dapsoni, dawa zinazoweza kuleta hali hiyohiyo, asipakwe, wala mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu).

Kama mnapata jeli ya tetrakeini 4%, hiyo hutanua mishipa badala ya kuibana, na kwa kanula dakika 45 zinatosha. Ngozi ikiwa nyekundu kidogo ni kawaida. Haifai kwa aliye chini ya mwezi 1.

Wodi_ya_Wachanga: Kwa wachanga, mama akiweza, amnyonyeshe wakati huohuo, aanze kabla, mtoto awe ameshika titi vizuri ndipo mchome. Isipowezekana, maji ya sukrosi 24%, matone machache kwenye ncha ya ulimi dakika 2 kabla, mkirudia kidogo kidogo kazi ikiendelea. Njiti wanatosheka na mililita 0.1 hivi. Ukiyapitisha kwenye mpira wa kulishia hayasaidii, kwa sababu kinachofanya kazi ni utamu mdomoni. Mfunge vizuri kwenye shuka, uache nje mkono mmoja tu.

Dada_Sindano: Hapa wengi wanazungumzia dawa, lakini nusu ya kilio ni kulazwa chali na kushikwa na watu wanne. Mkalishe mapajani kwa mzazi, kifua kwa kifua, mkono wa kuchomwa upite chini ya kwapa la mzazi utokee nyuma yake. Msaidizi mmoja anashika kiwiko na kifundo cha mkono, basi. Kanula, plasta zilizokatwa na sirinji ya kusafishia viwe tayari kabla mtoto hajaitwa. Spiriti ikauke kabisa. Ikiwa mbichi inawasha.

"Haiumi" ni uongo, na atakayechomwa kesho atakumbuka. Mwambie atasikia kama anasukumwa. Mapovu ya kupuliza au video vianze kabla ya kufunga mpira wa mkono, maana akishaanza kulia hataviangalia. Ukikosa mara mbili, mpishe mwenzako.

Nesi_Zamu: Asanteni sana. Na pale pasipo na saa nzima ya kusubiri?

Kanula_Njano: Mtoto aliye kwenye mshtuko (damu haizunguki vya kutosha mwilini) hasubirishwi ganzi yoyote, choma, na mshipa usipopatikana haraka ingiza sindano kwenye mfupa. Kama haraka si ya kufa na kupona, tumia lignokeini 1% isiyo na adrenalini. Changanya mililita 9 na mililita 1 ya sodiamu baikaboneti 8.4%, ambayo hupunguza ule mwasho wa dawa inapoingia. Toa mililita 0.1 hadi 0.2 kwa sindano nyembamba sana ya geji 30, ndani ya ngozi pembeni mwa mshipa, polepole. Kivimbe kidogo kikitokea uko sawa. Kikandamize kidogo kwa pamba, subiri dakika 1 hadi 2, pitisha kanula hapohapo.

Mfamasia_K: Mchanganyiko huo utengenezwe wakati wa kutumia. Ukikaa, dawa inaanza kuganda chembechembe.