Mjadala: Je, kazi inakwenda mtu akifanyia nyumbani?

Mhasibu wa Section 58: Nina ofisi ndogo ya hesabu hapa Nakuru, wafanyakazi 6. Serikali iliposema Machi 2020 watu wafanyie kazi nyumbani, watatu walienda na hawajarudi. Mwezi uliopita VAT ya mteja, ile kodi ya ongezeko la thamani, ilipita tarehe 20 ambayo ndiyo siku ya mwisho, na faini ikaja. Niwarudishe? Hasa akina mama, ukiwapigia simu unasikia sufuria tu.

Kiamunyi Juu: Usiwarudishe. Kuna utafiti wa Uchina, kampuni ya tiketi za ndege, profesa anaitwa Bloom wa Stanford. Waliopelekwa nyumbani walizidi wenzao wa ofisini kwa asilimia 13 hivi.

Mama Pacha, Mamboleo: Mzee, sufuria imekukosea nini? Mimi naamka saa kumi alfajiri. Pacha wakiamka saa kumi na mbili nimeshamaliza vitabu vya wateja wawili. Huko ofisini wanaume wakitoka chai saa nne wanarudi saa ngapi? Hilo hulisikii kwa simu.

Mzee wa Milimani: Mama, hakuna aliyekutukana. Lakini kazi ni kazi na jikoni ni jikoni.

Mama Pacha, Mamboleo: Jikoni ndiko mtoto anakopata uji, mzee wangu. Anayelipwa kwa kazi aulizwe kazi, asiulizwe uji.

Kijana wa Nyalenda: Mnapigania sufuria na huo utafiti hamjaumaliza. Wale Wachina walitakiwa wawe na chumba chao peke yao na intaneti nzuri, na siku moja kwa wiki walikuwa wanaingia ofisini. Miezi 9 ikiisha, karibu nusu yao walitaka kurudi, upweke umewachosha. Mimi naishi chumba kimoja na kaka yangu. Jirani akifungulia redio, mteja wangu anaisikia. Asilimia 13 nitaitoa wapi?

Kiamunyi Juu: Basi shida ni nyumba, si mtu.

Kijana wa Nyalenda: Na bando. Najinunulia mwenyewe. Ofisini intaneti ni ya mwajiri, nyumbani inageuka yangu na mshahara ni uleule. Hiyo ndiyo inaniuma.

Mzee wa Milimani: Na nauli ya matatu unayobakisha je?

Kijana wa Nyalenda: Mimi hutembea, mzee.

Mama Pacha, Mamboleo: Mhasibu, hujatuambia. Hiyo VAT iliyochelewa alikuwa nayo nani?

Mhasibu wa Section 58: Kijana wa kiume, anakaa Pipeline. Stima ilipotea kwao siku mbili, akanyamaza badala ya kuja ofisini.

Mama Pacha, Mamboleo: Na akina mama wako wawili, za kwao zilichelewa?

Mhasibu wa Section 58: Hapana. Dada, kwa hilo la sufuria nimekosa, samahani. Lakini nikiwalipia bando, yule wa ofisini anayelipa nauli kutoka Njoro nitamwambia nini?