Kufufua pateni za zamani za nguo za kike: pateni ni ile ile, mbona gauni halikai vile vile?

MbunifuK:
Wadau, naomba mawazo. Napitia kazi za nyuma za nguo za kike ili nichague chache za kutoa upya. Ipo michoro, zipo picha za mbele na pateni nyingi za karatasi. Zinazonivutia ni tatu: gauni refu la krepu lililokatwa mshazari (kwa kukingama na nyuzi za kitambaa), koti fupi lenye pedi nene za mabega, na gauni la kiuno chembamba lenye sketi pana. Kwa kitambaa cha sasa gauni la mshazari linajivuta na pindo linapanda na kushuka. Koti likitolewa pedi linafanya mikunjo kutoka begani hadi kwapani. Uchambuzi uanzie wapi: mchoro, pateni au kitambaa?

FundiPateni:
Anza na pateni. Mchoro uweke kando kwanza, maana hauna vipimo.

Pima karatasi yenyewe. Iliyokaa imekunjwa muda mrefu hupinda na kunywea kwa unyevu. Ilaze, ipige pasi ya moto mdogo bila mvuke, halafu tembeza futi kwenye kila mstari wa mshono. Pande mbili zinazoungana zilingane urefu. Zikipishana zaidi ya milimita 3 mahali pasipo na marinda wala dati (mkunjo unaoshonwa ili nguo ifuate mwili), ama karatasi imeharibika, ama upande mmoja uliwahi kurekebishwa na wa pili ukaachwa.

Kisha pima kifua, kiuno na nyonga kwenye pateni bila akiba ya mshono, utoe vipimo vya mwili iliyokatiwa. Kinachobaki ni ulegevu, na hapo ndipo kipindi cha nguo kinapoonekana. Gauni la kubana la kitambaa kisichovutika huwa na kama sm 5 hadi 8 kifuani na 2 hadi 3 kiunoni. Makoti ya mabega mapana ya miaka ya 1980 yalivuka sm 15 bila shida. Ukiukata ulegevu huo ili koti lionekane la leo, umbo lote linaondoka. Afadhali uchore koti jipya.

Kuhusu mikunjo: pedi ya unene wa sm 1.5 ilikuwa inainua ncha ya bega. Ikitoka, shusha ncha hiyo sm 1.2 hadi 1.5 mbele na nyuma, na upande wa shingoni usiguse. Tundu la mkono litafupika kwa kiasi hicho hicho mbele na nyuma, kwa hiyo ama ushushe kwapa, ama upunguze kichwa cha mkono (sehemu ya juu ya mkono wa koti inayoingia kwenye tundu). Napendelea kupunguza kichwa cha mkono, kwa sababu kwapa likishuka, mvaaji akiinua mkono koti zima linapanda naye. Kwa sufu, kichwa cha mkono kizidi tundu kwa sm 2 hadi 3. Kwa kitambaa kigumu kisichonywea kwa pasi, sm 1 hadi 1.5 inatosha. Angalia pia upana wa bega: koti la pedi mara nyingi huvuka mfupa, na ziada hiyo bila pedi huanguka juu ya mkono.

Mtande_na_Mshindio:
Mimi nitajibu la mshazari tu, maana hapo kitambaa ndicho kinachoamua.

Madeleine Vionnet, aliyefungua nyumba yake ya mitindo Paris mwaka 1912, alijenga kazi yake juu ya ukataji huu. Aliagiza krepu pana kuliko kawaida ili apunguze viungo, na alipanga umbo kwenye sanamu ndogo ya mbao kabla ya kukata nguo kamili. Krepu yake ilikuwa na nyuzi zilizosokotwa sana, ikaning'inia kwa uzito wake. Poliesta nyepesi ya leo haining'inii hivyo hata ukikata kwa digrii 45 kamili.

Utaratibu ni huu. Kata tabaka moja moja, usikunje kitambaa mara mbili, kwa sababu tabaka la chini huteleza. Mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) wa kipande cha kulia na wa kushoto uelekee pande zinazokabiliana kama kwenye kioo; vyote viwili vikielekea upande mmoja, sketi hujizungusha mguuni. Acha akiba ya mshono sm 3 hadi 4, maana kitambaa kikirefuka kinapungua upana. Weka alama kwa chaki na bandi (mshono wa muda). Pini peke yake huhama.

Ning'iniza vipande kabla ya kushona, saa 24 kwa uchache, na 48 kwa krepu nzito. Kisha rudisha pateni juu yake na ukate ziada. Shona zigizaga nyembamba, upana nusu milimita na urefu 2.5, ili uzi usikatike mshono ukivutika. Mabegani na nyuma ya shingo weka utepe uliokatwa kwa mtande. Zipu iwekwe baada ya kuning'iniza, la sivyo itafanya mawimbi. Pindo ndilo la mwisho kabisa: mvalishe mtu, pima kutoka sakafuni kwenda juu kuzunguka pande zote, ndipo ukate. Pindo linalopanda na kushuka karibu kila mara limekatwa mezani.

Bitana:
Gauni la sketi pana halijaguswa. Picha ya mbele haitakusaidia kitu. Mavazi ya Christian Dior, mbunifu wa Paris, ya Februari 1947 yanaonekana kama kitambaa kinasimama chenyewe, lakini koti lake liitwalo Bar lilijazwa nyongani kwa ndani. Kwa gauni lako tafuta utepe mgumu wa kiunoni, uliofungwa kwa kulabu ndani, wenye urefu wa kiuno cha mvaaji kamili bila ulegevu. Huo ndio unaobeba uzito wa sketi. Ukiuacha, sketi inavuta bodi (sehemu ya juu ya gauni) chini na kiuno kinashuka.

Kwa kila nguo utakayoihifadhi, piga picha mbele, nyuma, ubavuni na ndani. Vionnet alipigisha mitindo yake picha za mbele, nyuma na ubavuni ili kuilinda isiigwe, na mwaka 1952 alitoa magauni, nguo za majaribio na albamu zake zihifadhiwe Paris. Ambatanisha kipande cha kitambaa cha sm 10 kwa 10. Kipime kwenye mizani ya gramu, zidisha kwa 100, na utapata uzito wa mita moja ya mraba. Ukitafuta kitambaa mbadala, namba hiyo ina faida kuliko jina la kitambaa.

MbunifuK:
Asanteni sana. Krepu niliyopata ina lastiki kidogo. Nipunguze pateni?

Mtande_na_Mshindio:
Pima kwanza. Weka alama za sm 10 kwa upande wa mshindio (nyuzi za upana), vuta bila kulazimisha. Ikifika 11, inavutika asilimia 10. Punguza sm 1 hadi 2 kwa mzunguko mzima wa kifua, urefu usiuguse. Ila kwa gauni la mshazari usiitumie. Lastiki inarudisha kitambaa juu wakati uzito unakivuta chini, na pindo halitatulia hata ukiliacha likining'inia wiki nzima. Hiyo krepu ikatie nguo ya mtande ulionyooka, na la mshazari lisubiri krepu isiyo na lastiki. Ukiipata, kata kwanza jaribio la amerikani nyembamba uone mishono inaangukia wapi, halafu la pili la krepu yenyewe, maana amerikani haitakuonyesha itakavyoning'inia.