Jua halizami baharini Nyali! Nimechoka na hadithi za Mombasa zisizo na harufu

Jamani, leo nasema. Hadithi na insha zinazoandikwa kuhusu mji wetu zimenichosha. Kila ukifungua ni bahari ya samawati, mchanga mweupe, minazi inayumbayumba, halafu wapenzi wamekaa Nyali wakitazama jua likizama baharini. Linazamaje? Bahari yetu iko mashariki! Nyali na Bamburi jua hutoka majini asubuhi, na jioni hutua bara, upande wa Changamwe. Aliyekaa pale jioni moja tu hawezi kuandika upuuzi huo.

Na karafuu! Eti kila kichochoro cha Mji wa Kale kinanukia karafuu. Mashamba ya karafuu yako Pemba na Unguja. Kibokoni, humo humo Mji wa Kale, alfajiri utasikia iliki ya mahamri yakikaangwa, utasikia mtaro, ukipita dirisha la mtu utasikia udi. Muuza kahawa anagonganisha vikombe, kunguru wanagombana juu ya mabati. Mbona hayo hayaandikwi?

Lililonipandisha mori hasa ni la juzi. Mwanangu yuko sekondari, shule siitaji. Waliambiwa waandike insha kuhusu kuvuka feri. Akaandika: "Feri ilipofika Likoni mlango wake wa chuma ulikwaruza saruji mpaka nikahisi kwenye meno. Moshi wa dizeli ulinikaba koo, na shati la mtu wa mbele yangu, lililolowa jasho, likanigusa shavu." Mimi niliposoma nilijiona nimebanwa pale pale katikati ya mikokoteni. Mwalimu amepitisha kalamu nyekundu juu ya yote, pembeni ameandika "lugha haina mvuto". Akampa na mfano wa kufuata: jua likichomoza kutoka matlai, ndege wakiimba nyimbo tamu, mawimbi yakibusu ufuo. Mawimbi yabusu ufuo gani pale gatini?

Mtoto ameandika upya. Kaweka matlai, kaweka na ndege. Kapata alama nzuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Harufu na sauti si mapambo, jamani. Zinamwambia msomaji ni saa ngapi, ni msimu gani, na anayesimulia ni nani. Maji yakipwa wakati wa bamvua, yanapojaa na kutoka kupita kiasi, tope la mikoko kule Tudor linanuka hadi barazani. Mkaazi wa pale hahitaji kuchungulia nje ajue maji yameondoka. Msimu wa kaskazi, Januari na Februari, joto halikuachi hata usiku, shuka inagandamana na mgongo. Masika yakiingia, mvua ya Mei ikipiga bati humsikii hata aliyekaa ubavuni mwako. Mama karanga, yule anayekaanga samaki wa kuuza, anajua mafuta yamepata moto kwa kuyasikiliza tu, kabla hajatia samaki. Mgeni wa hoteli hayajui hayo, yeye ataona rangi ya maji. Basi kama mhusika wako ni mvuvi, mbona anaona kama mgeni wa hoteli?

Na wale waliofundishwa milango mitano ya fahamu nao wana balaa lao. Wanaipanga yote katika aya moja: jicho, sikio, pua, ulimi, ngozi, kama karani anayeita majina. Hakuna anayeingia chumbani akahisi vyote kwa mpigo. Ukiwa na njaa pua ndiyo hutangulia, ukiwa na hofu ni masikio. Chagua kimoja ukishike vizuri, inatosha.

Walimu na wahariri mliomo humu, nataka majibu. Msiniambie ndio mtindo wa mitihani. Nitajieni kanuni inayokataza harufu ya dizeli ndani ya insha.